Nyanya Imekufa

Mama mkwe wangu alikuja kukaa kwetu Uriri akiwa na jicho moja limefungwa bandeji. Daktari wa macho kule Migori mjini alikuwa amemtoa mtoto wa jicho, kisha akamkataza moshi, akamkataza kuinama, akamkataza kubeba kitu chochote kizito kuliko Biblia. Kwake Kendu Bay hakuna maisha bila moshi na bila kuinama. Mume wangu, ambaye hutengeneza injini za boti Homa Bay na huja nyumbani wiki anazotaka yeye, akaamua kwamba mama yake atapona vizuri zaidi kwangu. Hakuniuliza. Niliambiwa kwa simu, mama mkwe akiwa tayari yuko kwenye gari.

Mila za Wajaluo hazimruhusu mama kulala katika nyumba ya mwanawe. Nilitaja jambo hilo kwa upole, kwa matumaini, siku ile ya kwanza.

"Hiyo ni nyumba ya kujenga," mama mkwe akanijibu. "Hii yenu ni ya kupanga. Landilodi ndiye atakayerogwa."

Mimi ni Mkuria wa upande wa Kehancha. Yeye ni Mjaluo, mzaliwa wa kisiwa cha Takawiri, akaolewa Kendu Bay. Kikuria hajui na hana nia ya kujua. Kijaluo changu kinatosha kununua samaki na kutukanwa. Kwa hiyo nyumba yetu huongea Kiswahili. Chake kina makosa yake, changu kina makosa yangu, na binti yetu wa darasa la tatu amerithi ya pande zote mbili bila kuacha hata moja. Zaidi ya hapo, yeye ni Msabato na mimi ni Mkatoliki, kwa hiyo hata siku ya kupumzika hatukukubaliana.

Mtu aliyezoea kazi ukimkalisha kwenye kiti anageuka mkaguzi. Alikagua ugali wangu, akakagua jinsi ninavyofagia, akafika kwenye nyanya. Nilikuwa nimenunua sokoni zile ndefu zenye ngozi ngumu, zinazoweza kuanguka kutoka kwenye lori na kusimama tena. Akatafuna kipande, akaacha kutafuna, akanitazama kwa lile jicho lililo wazi.

"Nyathina, mwanangu, hii mnakula ama mnavaa miguuni?"

Nikamwambia ndizo zinazouzwa.

Hapo akafungua mkoba wake. Ndani ya kikaratasi cha masomo ya kanisa alikuwa amefunga nyanya moja kutoka Takawiri. Mpwa wake alikuwa amemletea kwa boti mpaka Mbita, na huko njiani ilikuwa imekaliwa na watu kadhaa. Ilikuwa bapa, yenye mikunjo kama shingo ya mzee, imepasuka ubavuni. Alisema mama yake alikuwa na nyanya kama hizo nyuma ya nyumba, na kwamba hangekufa kabla ya kuzila tena. Nilimwambia basi tuipande. Nilisema hivyo kwa sababu nilitaka apate kazi ya kukagua isiyo mimi.

Aliikamulia ndani ya kikombe, akatia maji kidogo, akakiweka dirishani ili ule ute unaofunika mbegu uchache na kuachia. Unapaswa kuacha hivyo siku chache tu. Harufu yake sikuambiwa. Mzee wa kanisa lao, mtu mrefu mwenye sauti ya kuagiza mvua, alikuja kumwombea jicho, akakaa karibu na dirisha lile lile. Maombi yalianza na jicho, yakaenda kwenye familia, kisha yakabadilika ghafla. Alimwomba Mungu aonyeshe chochote kilichokufa ndani ya nyumba hii. Alidhani ni panya. Mama mkwe akasema "Amina" kwa sauti kubwa kuliko zote, na hakukiondoa kikombe.

Tuliziosha mbegu. Yeye alianika nusu kwenye sahani, mimi nikaianika nusu nyingine kwenye gazeti kwa sababu najua kila kitu. Zangu zikakauka zikagandamana na karatasi, hazibanduki. Nusu yake akaifunga kwenye pembe ya leso yake, na ile yangu tukalazimika kuikata pamoja na gazeti na kuipanda hivyo hivyo. Katika vipande hivyo kulikuwamo sehemu ya uso wa mheshimiwa mmoja wa kwetu. Ni mchango pekee ambao nimemwona akitoa kwa wakulima.

Kitalu chetu kilikuwa beseni la plastiki lililotoboka, tukalijaza udongo, mchanga na samadi iliyooza vizuri, tukaliweka barazani. Mama mkwe hakuinama. Alikaa kwenye kiti, beseni likiwa juu ya kiti kingine, akafukia mbegu kwa ncha ya kidole kama mtu anayetia chumvi kwenye chakula cha mgeni. Tukafunika kwa nyasi kavu.

Zilipoota, nakiri nilifurahi. Miche ilitoka imekunja shingo, mingine bado imevaa ganda la mbegu kichwani kama kofia. Binti yangu alikuwa akiamka anakwenda kuisalimia kabla ya kutusalimia sisi. Mama mkwe akawa anakaa pale barazani kuanzia asubuhi, akifukuza kuku kwa fimbo na watu kwa maneno.

Tatizo lilikuwa Sabato. Kuanzia Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jua likizama, hafanyi kazi, na kumwagilia ni kazi. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, mimi Mkatoliki nitamwagilia, siku yangu ya dhambi ni nyingine. Alikubali. Lakini Jumamosi ile nilimwona akinawa mikono. Aliomba maji kwenye kijagi, akanyoosha mikono juu ya beseni la miche, akanawa polepole, kidole baada ya kidole. Baada ya muda akaomba maji tena. Siku hiyo alinawa kuliko mtu anayejiandaa kumpasua mgonjwa.

"Mama, mikono imechafuka na nini?" nikamuuliza.

"Kunawa si kazi," akasema. "Hata kuhani alikuwa akinawa."

Kile ambacho sikujua ni kwamba binti yangu naye alikuwa akimwagilia, asubuhi kabla ya shule na jioni akirudi, kwa siri, kwa sababu mwalimu alikuwa amewaambia mimea hunywa maji. Na kile ambacho wao hawakujua ni kwamba mimi nilikuwa nikimwagilia kila nilipopita. Miche ile ilikunywa mara tatu zaidi ya mahitaji yake, kila mmoja wetu akijiona ndiye mwokozi wake.

Jumapili nikitoka misa niliikuta imelala. Yote. Shingo zilikuwa zimenyong'onyea kwenye udongo, nyembamba kama uzi, nyeusi. Niliuvuta mmoja, ukakatika bila kupinga. Mama mkwe aliinama kuiangalia, akasahau katazo la daktari, kisha akainuka taratibu akaingia chumbani. Alisema hataki chai. Yeye kukataa chai ni jambo zito.

"Imekufa kwa nini?" binti yangu akaniuliza.

"Maji," nikasema. "Maji mengi yameiua."

Nikaenda nyuma ya nyumba kufua. Simu yangu nilimwachia yeye, kwa sababu kila Jumapili huongea na baba yake. Stima ilikuwa imepotea tangu jana yake na simu haikuwa na chaji ya maana, lakini hilo sikulifikiria.

Hapa lazima nieleze Kiswahili chetu. Kwetu nyanya ni ile tunda ya kupikia, na nyanya ni mama wa mzazi wako. Watu wa pwani hawapotei hapo. Wao wakisema nyanya zimekufa, ni mimea; wakisema nyanya amekufa, unatafuta jeneza. Sisi huku ziwani hatuna muda huo. Kwetu gari imeenda, mtu imelala, mbuzi imetoka, kila kitu ni "i" na Mungu anajua tulichomaanisha.

Binti yangu alimpigia baba yake akamwambia, "Baba, nyanya imekufa."

Baba akauliza, "Unasema nini?"

"Nyanya imekufa. Mama anasema ni maji."

Na simu ikazima.

Haya ya upande wa pili nilisimuliwa baadaye. Mume wangu aliacha injini ya mtu ikiwa imefunguliwa vipande vipande. Alinipigia, simu haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Akaona picha yote: mama yake mwenye jicho moja amejaribu kwenda mtoni peke yake, na mimi niko ukingoni nalia, simu imeangukia majini. Akampigia mzee wa kanisa, kwa kuwa namba yake alikuwa nayo, akamwomba akimbie nyumbani akakae nasi. Kisha akaazima gari, akampakia shangazi yake, dada wa marehemu baba mkwe, ambaye ana duka pale Homa Bay, wakashika njia.

Mzee wa kanisa angeweza kuja peke yake kuuliza habari. Lakini yeye ni mtu wa vitendo. Alikuja na kwaya.

Nilikuwa na shuka mkononi niliposikia nduru barabarani, ile sauti ya juu ya wanawake ambayo ukiishi huku huna haja ya kutafsiriwa. Nikasema moyoni, jirani amepatwa na msiba. Kisha sauti ikaingia kwenye geti letu. Mwanamke wa kwanza kunifikia alinikumbatia na shuka langu na povu lake, akasema, "Pole, mama. Pole sana. Jikaze."

Mambo ya kuchekesha yataendelea, lakini pale hayakuwa ya kuchekesha. Ukiwa na mume anayefanya kazi mbali, ukiona wanawake wanaingia kwako wakilia, unajua ni nani. Nilikaa ndani ya karai la nguo, maji yakamwagika, na nilichofikiria ni kwamba shati lake la buluu liko pale chini yangu, bado lina sabuni.

"Ilikuwa wapi?" niliweza kuuliza. "Ni barabarani?"

Yule mwanamke akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyechanganyikiwa. "Si ni huku kwenu, mama? Tumeambiwa ni maji."

"Maji gani?"

"Mwili uko wapi?"

"Mwili gani?"

Wakati huo mlango wa nyuma ukafunguka, mama mkwe akatoka. Alikuwa amevaa miwani nyeusi kubwa ya hospitali, amejifunga leso kichwani. Alikuwa amesikia nduru kutoka kitandani, na yeye amelelewa vizuri: mtu mwenye adabu akisikia nduru haulizi maswali, anatoka analia, jina ataambiwa mbele ya safari. Akaweka mikono kichwani, akapaza sauti, akajiunga na wanawake wale. Alilia kuliko wote. Walikuwa hawajawahi kumwona kwa karibu, maana tangu apasuliwe alikuwa akiombewa nyumbani. Mmoja akamshika bega akampa nafasi katikati. Mwingine akamnong'oneza akiuliza kama marehemu alikuwa mgonjwa kwa muda.

"Sijui," mama mkwe akamjibu katikati ya machozi. "Na mimi nimesikia sasa hivi."

Mzee wa kanisa alikuwa amebaki getini, simu sikioni, akipanga mambo ya hema na viti. Aliingia ameinamisha kichwa kwa heshima, akaja mpaka kwenye karai langu. "Mama," akasema, "tumeupokea msiba huu kwa mshtuko. Kumpoteza nyanya wa watoto, tena kwa maji."

Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika pindo la gauni langu lililolowa.

"Ni ile ya beseni," akasema.

"Nini ya beseni?" mzee akauliza.

"Nyanya. Ile ya barazani. Mimi nilimwambia Baba nyanya imekufa."

Mzee aliinua macho. Yalipita juu ya vichwa vya wanakwaya, kimoja baada ya kingine, yakatua kwenye miwani nyeusi. Mama mkwe alikuwa amefika mahali pazuri pa kilio, anayumba kushoto na kulia. Mzee akazima simu bila kumuaga mtu wa hema.

Mtu angepaswa kumwambia. Nilimwangalia mzee, mzee akaniangalia mimi. Unamwambiaje mtu anayelia vizuri hivyo kwamba marehemu ni yeye? Mzee akakohoa, akasema jambo hilo linafaa lisemwe na mtu wa familia. Mimi nikasema jambo hilo linafaa lisemwe na mtu wa Mungu. Tulikuwa bado tunarushiana hiyo kazi wakati gari lilipoingia kwa kasi na mume wangu akashuka kabla halijasimama.

Mume wangu ni mtu mkubwa, mikono imejaa grisi wakati wote. Sikuwahi kumwona akilia. Alitembea hatua chache akajitupa chini mchangani, akamwita mama yake kwa majina yote ya utoto. Nyuma yake shangazi alishuka kwa utaratibu, akaweka mkoba wake vizuri kwenye kiti cha gari, akafunga mlango, ndipo akaanza.

"Uwi! Umetuacha! Nani atatuangalia? Na yule ng'ombe wako tutamwachia nani?"

Mama mkwe alinyamaza. Aliijua sauti hiyo. Akavua miwani, akapita katikati ya wanawake, akasimama juu ya mwanawe.

"Wewe," akasema. "Unalia nani?"

Mume wangu akainua uso wenye mchanga.

"Nakulilia wewe, Mama."

Mama mkwe akageuka akamwangalia kila mtu, kuanzia mzee wa kanisa hadi mimi ndani ya karai. Alielewa haraka kuliko sisi wote. Kisha akavuta kiti cha barazani, akakaa, akaweka mikono magotini.

"Basi endeleeni," akasema. "Nisikie."

Mume wangu akaanza kucheka na kulia kwa wakati mmoja, kitu ambacho si kizuri kutazama. Alimkumbatia miguu. Yeye akampapasa kichwa, akasema grisi hiyo haitoki kwenye leso. Lakini hakuwa na mzaha kuhusu kuendelea. Watu wametembea kwenye jua, akasema, na yeye hajawahi kupata kilio cha bure. Akamwambia mzee wa kanisa aseme yale aliyokuwa amejiandaa kusema.

Mzee alijaribu kukataa. Alikuwa na karatasi mfukoni, pembe yake ilikuwa inaonekana. Mwishowe akasimama akasoma, sauti ya mvua imekuwa manyunyu. Alisema marehemu alikuwa mtu mpole.

"Hapo umedanganya," mama mkwe akasema. "Endelea."

Akasema aliipenda Sabato na aliishika bila kuyumba. Mama mkwe akaangalia beseni. "Hiyo iache," akasema. Kwaya iliimba nyimbo zote za mazishi walizokuwa wamepanga, na yeye akachagua upi wataimba siku yenyewe na upi wasithubutu. Shangazi alikuwa amekaa karibu na gari, anajipepea. Mama mkwe akamwita kwa upole, akamwambia ng'ombe yuko salama, asante kwa kumfikiria.

Nilipika chai kwa ajili ya waombolezaji, kwa nguo zilizolowa. Marehemu alikunywa vikombe viwili.

Walipoondoka nilimkasirikia mume wangu, maana hofu ikishatoka lazima kitu kingine kiingie. Nilimuuliza kwa nini hakumpigia hata jirani. Yeye akaniuliza kwa nini mtoto wangu hajui Kiswahili. Wangu, siku hiyo. Binti alikuwa amejificha chini ya meza, anadhani ameua mtu. Bibi yake alimtoa, akamkalisha kando yake, akafungua fundo la leso. Zile mbegu za sahani zilikuwa bado zipo.

Tulipanda tena. Safari hii tuliweka sheria: mkono mmoja tu unashika kopo la maji, wa mama mkwe, na Jumamosi wangu. Udongo tuliuacha ukauke juu kabla ya kunyweshwa. Miche ikanenepa shingo, ikapata yale majani ya kweli yenye meno, ikaanza kunukia nyanya ukiigusa. Mvua zilipokaribia tuliihamishia nyuma ya nyumba, jioni jua limelegea, kila mmoja na kigingi chake. Mama mkwe alisimamia. Bandeji ilikuwa imetoka, sasa alikuwa na macho mawili ya kunikagua.

Ziliiva zikiwa na sura mbaya kabisa, za kupinda, zenye mikunjo, nyingine zimepasuka kwa mvua. Ya kwanza tulimpa yeye. Aliipangusa kwa gauni, akauma, maji yakamtiririka kidevuni. Tulisubiri, mimi, binti na mume wangu ambaye alikuwa amekuja kwa jambo hilo hasa. Alitafuna mpaka mwisho.

"Ni chachu," akasema.

Mume wangu akamwambia labda imechumwa mapema.

"Hapana. Ndiyo hii hii. Hata zamani zilikuwa chachu, nilikuwa nimesahau. Mama yangu alikuwa anaziweka kwa samaki tu, hakuna mtu alikuwa anazila hivi." Akaiangalia iliyobaki, akaomba chumvi, akaimaliza.

Jioni nikazikatia nyingi kwenye omena, wale dagaa wetu wa ziwani, na kitunguu, na zikafanya kazi yake. Tulikula mpaka chini ya sahani kukaonekana. Mama mkwe alifuta mchuzi wa mwisho kwa tonge la ugali, akaniuliza ni nani aliyenifundisha kupika omena.

"Mama yangu," nikasema.

Akasema, "Mh."

Nimeolewa katika familia hiyo miaka mingi, na kila mara nikimsikia akisema hivyo namwuliza mume wangu ilikuwa na maana gani. Naye hajui.